Andika na bei ya samaki

(Haya ni maongezi niliyotoa Jumamosi jioni hapa Dodoma kwa wasomaji na wanafunzi walionialika. Mmoja alirekodi kwa simu, nikakaa nikayaandika. Nimetoa vikohozi na zile dakika umeme ulipokatika, mengine nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.)

Mbukwenyi!

Haya asanteni. Mmeitikia vizuri kuliko nilivyotegemea, maana siku hizi mji huu ukitoa salamu yetu ya Kigogo, ukisema mbukwenyi, nusu ya watu wanakuangalia tu, wamekuja na wizara zao. Karibuni, vumbi mshaliona, zabibu mtakula.

Mada niliyopewa ni jinsi kazi ya misaada ng'ambo ilivyonifanya niwe mwandishi wa riwaya. Nilimwambia dada aliyenialika kwamba hapo pana chumvi kidogo. Ile kazi ilinifanya mtu wa ripoti. Nimeandika ripoti mpaka nikawa naota kwa vipengele, namba moja usuli, namba mbili matokeo, alafu changamoto, alafu mapendekezo, mume wangu akiniuliza mbona umechelewa namjibu kwa changamoto na mapendekezo. Riwaya ilikuja baadae, na ilikuja kwa sababu kila nikimaliza ripoti kuna vitu vinabaki, kama karanga unazozikuta mfukoni ukishafika nyumbani, na sikujua pa kuviweka.

Mimi ni wa Mvumi, hapo Chamwino, wengine humu mnapajua mnapita na pikipiki. Kazi za mashirika nilianzia Kigoma, kambi ya Nyarugusu, ile iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo. Huko nilikuwa mwenyeji, yaani mtu wa hapa hapa, mshahara wa hapa hapa. Alafu mwishoni mwa 2017 nikapata kazi Bangladesh, sehemu inaitwa Cox's Bazar, kwenye kambi za wakimbizi Warohingya. Cheo changu kilikuwa afisa ufuatiliaji na tathmini. Kwa lugha ya kawaida ni mtu anaekuja wenzie wakishagawa, anauliza mmepata? Mmepata ngapi? Mmeridhika kiasi gani kuanzia moja mpaka tano?

Kwa ambao habari hii imewapita niseme kwa kifupi. Warohingya ni Waislamu wa jimbo la Rakhine, Myanmar, na sheria ya uraia ya 1982 ya nchi ile iliwaacha wengi wao bila uraia, kwa hiyo mtu kazaliwa pale, babu yake kazaliwa pale, lakini kwa karatasi sio wa pale. Tarehe 25 Agosti 2017 wapiganaji walishambulia vituo vya polisi, jeshi likajibu kwa kuchoma vijiji na kuua, na ndani ya miezi michache watu zaidi ya 700,000 wakavuka kuingia Bangladesh. Wakaungana na wenzao waliokimbia zamani, kuna waliotoka 1978, kuna wa 1991 na 1992. Sasa hebu mjipigie hesabu wenyewe, jiji letu la Dodoma lote kwa sensa ya 2022 lina watu kama 765,000. Chukua Dodoma nzima, kuanzia wa Nala mpaka wa Ihumwa, mpandishe vilimani ndani ya msimu mmoja, wengi wao kwenye eneo moja la kilomita za mraba 13 hivi, mpe mianzi na turubai, mwambie jenga. Ndio kambi ya Kutupalong hiyo. Vilima vilikuwa na msitu, nilipofika mimi msitu haukuwepo tena, hata mizizi ilishachimbwa ikawa kuni.

Na kwenye huo msitu walikuwa wanapita tembo. Hapa lazima nicheke kidogo. Ile ilikuwa njia yao ya miaka yote, sasa wanakuja usiku wanakuta mahema, wanachanganyikiwa, watu wakafa kabisa kwa kukanyagwa, ikabidi yajengwe minara ya kuangalia na vijana wafundishwe kuwarudisha taratibu bila kuwatibua. Siku moja kwenye kikao mkuu mmoja akanigeukia, nadhani kwa sababu ya rangi yangu, akasema wewe mwenzetu wa Afrika tuambie, nyie tembo mnawafukuzaje? Watu wote wakaniangalia. Mimi kwetu Mvumi tulikuwa na mbuzi jamani! Ila sikutaka kuaibisha bara zima nikawaambia habari za wenzetu wa Chemba na Kondoa, kupiga madebe, kuchoma pilipili, mizinga ya nyuki pembeni ya shamba. Wakaandika. Alafu nikawaambia na jina la mji wetu, kwamba wazee wanasema ni idodomya, tembo alizama topeni hapa akashindwa kutoka. Hiyo hawakuandika.

Sasa nirudi kwenye riwaya.

Mtu ukienda kazi zile kuna kitabu cha viwango kinaitwa Sphere, kinatumika dunia nzima kwenye dharura. Ni kitabu kizuri sana, sikisemi vibaya, kimeokoa watu. Kinasema mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku. Choo kimoja kisizidi watu 20, ingawa mwanzoni mwa dharura mnaweza kuanza na 50. Sehemu ya kulala, mita za mraba 3.5 kwa kila mtu. Hiyo 3.5 nilikuwa nashindwa kuiona kichwani mpaka siku nikapima kitanda changu cha sita kwa sita, kumbe ndio hapo hapo, imezidi kidogo tu. Kwa hiyo unapewa kitanda, na kwenye hicho kitanda upike, ulale, uweke ndoo, uvae, uugue, uzae. Na wengi hata hicho kitanda hawakupata.

Ile ya maji ndio ilinikera. Usiku mmoja niko hotelini (nitaisema hoteli, msijali) naandika ripoti ya maji, naandika kwamba eneo fulani wako chini ya kiwango cha chini, nikasimamisha mkono. Nikakumbuka sisi nyumbani Mvumi kiangazi tulikuwa watu wanane na debe moja la lita 20 asubuhi na moja jioni, ukipata la tatu ni sikukuu. Arobaini gawa kwa nane, ni lita tano. Yaani mimi nimekulia chini ya kiwango cha dharura cha dunia na nilikuwa sijui! Hatukuwa na dharura, ilikuwa Jumatatu tu, unaenda shule. Nilikaa nikicheka mwenyewe chumbani mpaka nikajisikia vibaya. Ripoti nikaimalizia, namba zikaenda zilivyo, ila lile jambo likabaki mfukoni na zile karanga.

Hoteli. Cox's Bazar ni mji wa kitalii, una ufukwe mrefu ajabu, kama kilomita 120 za mchanga mtupu, watu wa Dhaka wanakuja fungate. Watu wa misaada tulikuwa tunalala pale, asubuhi unakunywa chai unaangalia bahari, Bahari ya Hindi hii hii ya kwetu ila upande wa pili, alafu unapanda gari zaidi ya saa nzima unafika kambini, jioni unarudi unaoga tope. Watoto wa pale mjini wakatuita bideshi, maana yake mgeni wa nchi za nje, lakini wanavyoitamka mtoto anaekimbiza gari ni mzungu kabisa, mzungu mzungu! Nikajiangalia. Mtoto wa Mvumi nimekuwa mzungu.

Na nilikuwa mzungu kweli maana hata mshahara. Kigoma nilikaa meza moja na wageni wanaolipwa mara nyingi zaidi yangu kwa kazi ile ile na nililalamika, nyie acheni tu, nililalamika mpaka mama yangu akachoka. Bangladesh nilikaa meza moja na kijana wa Chittagong aliekuwa mkalimani wangu, ana digrii mbili, mimi moja, na safari hii mgeni ni mimi. Sikusema kitu. Hiyo iko sura ya nne kwenye kitabu, na huyo mhusika, mkisoma, msimhurumie sana.

Huyo kijana ndie alinifungua masikio. Siku za kwanza tukiwa njiani nasikia maneno yananigusa gusa. Gari wao wanasema gari. Duka, wanasema dokan. Dunia ni duniya, habari ni khobor, kalamu ni kolom, chai ni cha. Nikawa natega sikio kama mtu aliesikia ndugu yake anaongea chumba cha pili. Najua historia yake, Uarabuni na Uajemi huko na majahazi, ila kulijua jambo na kulisikia mdomoni mwa bibi kizee kwenye hema ni vitu viwili. Hii ilikuja kunisaidia sana kwenye kuandika, maana swali lililonitesa ni hili: huyu mama Mrohingya kwenye riwaya yangu ya Kiswahili ataongea Kiswahili gani? Nikimpa cha kamusi anakuwa kama msoma taarifa ya habari. Nikimpa cha Kariakoo uongo. Mwisho nikampa cha kwetu, Kiswahili cha mama wa Mvumi ambae Kigogo kinamvuta shati, na yale maneno ya pamoja nikayaacha yawe mengi zaidi kwenye mdomo wake. Kuna mhakiki amesema wahusika wangu wa Asia wanaongea kama Wagogo. Kaona vizuri.

Ila mkalimani nae ana mipaka. Lugha ya Chittagong na Kirohingya zinafanana lakini sio moja, na zaidi ya hapo yeye ni mwanaume. Tulikuwa tunauliza akina mama kuhusu pedi. Mama mmoja anajibu, kijana anatafsiri, anasema kwamba siku za kuoga ndio wanapata shida. Nikaandika, shida ya maeneo ya kuogea. Tumekuja kugundua baadae sana, kupitia binti mmoja, kwamba wanawake wale kwa aibu zao hawaitaji hedhi kwa jina, wanasema gusol, yaani kuoga. Ni kama mimi nimwambie mgeni niko kwenye siku zangu, nae aandike mheshimiwa ana siku zake maalum za mapumziko. Na mimi nilitakiwa kujua! Mwanamke, natoka nchi ambayo nusu ya mambo ya mwilini tunayazungukia. Ripoti ilishaenda kwa madona.

Sasa jambo lenyewe.

Mgao wa mwanzo ulikuwa mchele, dengu na mafuta. Wanaume wanashuka na mti begani, gunia linaning'inia katikati, tope mpaka kwenye goti. Baada ya mgao sisi tunapita kila nyumba iliyochaguliwa na fomu yenye maswali mengi tu, na moja linasema: je, umeuza sehemu yoyote ya msaada uliopata? Hilo swali, kwa uzoefu wangu, kila mtu duniani analijibu hapana. Ukitoka nje ya kambi hatua mia unakuta dengu zile zile, mafuta yale yale, yamepangwa barabarani yanauzwa, na kila mtu anaona, na kwenye fomu zote ni hapana, hapana, hapana.

Nikaingia kwa mama mmoja. Sisemi jina wala sekta ya kambi, na idadi ya watoto nimeibadilisha hata hapa. Tumekaa chini kwenye mkeka wa plastiki, juu mianzi inatoa unga, maana ile mianzi ililetwa mibichi wadudu wakaivamia, ukikaa kimya unasikia kabisa unga unadondoka kwenye turubai, tsss, tsss. Nikauliza swali langu. Mama akasema hapana, hatukuuza kitu. Pembeni yake kuna mtoto wa kama miaka sita. Mtoto akanyanyua uso, akaangalia kona lilipokuwa gunia, akafungua mdomo. Na mama yake, bila kumwangalia, huku ananitazama mimi machoni na kutabasamu, mkono ukashuka taratibu ukamfinya paja.

Jamani. Ule mfinyo naujua.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakubwa humu mnakumbuka, njaa ile na ukata ule, tulikula unga wa njano wa mahindi ya msaada tukauita yanga, kwa rangi ya jezi. Babu yangu alikuwa Simba damu, siku ya kwanza aligoma kula, siku ya pili alikula kageukia ukutani. Na bulga, ile ngano ya kupikwa kama wali, shuleni tulikula mpaka tukaichukia. Magunia yake yalikuwa na picha ya mikono miwili imeshikana na maandishi ya Kiingereza, tukaja kutafsiriwa na mwalimu, kwamba hii ni zawadi ya watu wa Marekani, haiuzwi wala kubadilishwa. Kaka yangu alishonewa kaptula ya gunia lile, na fundi hakujali, ile mikono ikaangukia matakoni, ikawa akikimbia inasalimiana.

Bibi yangu alipanga foleni toka alfajiri, akapata unga wake, na kabla jua halijazama nusu yake ilishabadilishwa, chumvi, kipande cha sabuni, na mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Maana yanga utaila na nini? Mlenda bila chumvi umeshawahi kula? Wiki iliyofuata akaja bwana mmoja na daftari, viatu vyake vilikuwa vyeusi vinang'aa mpaka nikajiona humo, akauliza bibi, unga wote mmekula? Bibi akasema wote, mwanangu, Mungu awabariki. Mimi nikafungua mdomo maana nilikuwa mtoto mkweli. Nikafinywa. Paja hili la kushoto.

Kwa hiyo nimekaa kule Bangladesh kwenye mkeka wa plastiki na nimevaa viatu vizuri, nina daftari, na nikaelewa kwamba miaka yote hii mimi ndie yule bwana.

Nilitiki hapana. Bosi wangu wa zamani kama hii itakufikia, samahani, kwenye sampuli yako fomu ile moja ni ya uongo kwa makusudi.

Nafikiri mama aliniona. Sijui aliona nini lakini alilegea, akamtuma mtoto nje, akatoa chai. Alafu akaanza kunieleza, kijana anatafsiri kwa haraka, kwamba dengu aliuza ndio, akanunua shutki, hao ni samaki wakavu, waone kama dagaa wetu ila harufu mara tatu, na pilipili, na kuni, kwa sababu dengu kila siku bila kitu cha kuchokoza ulimi watoto wanakataa kula, na kulikuwa na deni la duka toka wiki ya kwanza. Akaniambia bei ya shutki imepanda, akaitaja ya wiki ile na ya wiki iliyopita. Mimi nilishafunga fomu. Akanyoosha kidole kwenye daftari: andika. Nikasema niandike nini mama? Akasema umeandika kila kitu humo, watoto wangu, choo, maji, andika na bei ya samaki.

Kwenye fomu hapakuwa na sehemu ya bei ya samaki. Nikaandika pembeni, kwenye ukingo wa karatasi.

Nilirudi nyumbani 2019 nikaanza kuandika, na niseme ukweli rasimu ya kwanza ilikuwa takataka. Kurasa mia tatu. Nilimpa rafiki yangu asome, mwalimu wa sekondari hapa hapa mjini, mtu asiejua kubembeleza. Akaniambia huyu mkimbizi wako hana kosa hata moja. Analia vizuri, anavumilia vizuri, anasali. Hana hata deni! Hajawahi kumuonea jirani wivu? Hajawahi kudanganya? Mtu gani huyu, umemtoa kwenye kalenda? Nilinuna wiki mbili. Alafu nikaona kwamba nilichoandika ni ripoti iliyotiwa machozi. Nilimtoa mama yule kwenye fomu nikamwingiza kwenye fomu nyingine.

Nikaanza upya kutoka kwenye mfinyo. Sura ya kwanza sasa ni Mvumi, foleni ya yanga, na ile fomu ya Bangladesh inakuja baadae. Watu wengine wamesema ungeanzia ng'ambo, ndio kuna mvuto, ndege, bahari, vita. Labda. Lakini mimi bila ile foleni ya nyumbani sikuwa na haki wala macho ya kuiangalia ile nyingine. Sisi Wagogo miaka tumeihesabu kwa njaa, mzee anakwambia fulani kazaliwa njaa fulani. Ile mtunya ya 1917 mpaka 1920 bibi yangu alisimuliwa na mama yake: Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka na wanaume wa kubeba mizigo kwa ajili ya vita yao, Waingereza wakaja wakaendelea hapo hapo, na mvua nayo ikagoma. Watu walitoka hapa kwenda kuomba chakula nchi za watu. Tulishakuwa wakimbizi bila turubai. Hii siisemi ili tulinganishe mateso, yale ya Rohingya ni ya kwao, sijachomewa nyumba mimi. Naisema kwa sababu mwandishi anaetoka upande wa kugawa peke yake anaona mikono tu inanyooshwa. Haoni paja.

Kuna kingine niliacha nje na bado kinanisumbua, nitakisema harakaharaka. Ule utepe wa kupima mkono wa mtoto mnaujua, manesi mnao kliniki, chini ya milimita 115 nyekundu, mpaka 125 njano, ukizidi hapo kijani. Nyekundu anapewa vile vipakiti vya karanga, gramu 92 kila kimoja, mtoto anafufuka unaona kwa macho. Nilimwona mama ambae mtoto wake amefika kijani, nesi anapiga makofi, sisi wote tunapiga makofi, na mama uso umemshuka kabisa. Kijani maana yake vipakiti basi. Na vile vipakiti vilikuwa vinagawanywa kwa watoto watatu nyumbani. Nimejaribu kuiandika hiyo mara nne na kila mara naifanya inakuwa ya kuhuzunisha kwa namna ya rahisi, ile ya kumfanya msomaji ajisikie mtu mwema. Haikuwa hivyo. Kulikuwa na hasira kwenye ule uso, na hasira ilikuwa kwetu, na sisi tulikuwa tunapiga makofi. Siku nikiweza nitaiandika.

Mtu ataniuliza, najua, huwa naulizwa kila mahali: uliomba ruhusa? Kwa picha tulikuwa na fomu ya ridhaa, mtu anaweka dole gumba. Kwa riwaya hakuna fomu. Nimebadilisha majina, vijiji, idadi ya watoto, mwenye kilema nimempa kilema kingine, na bado ukweli ni kwamba nimechukua. Yule mama alisema andika, lakini hakusema andika nikuuze. Sina jibu la kuwapa hapa likawatosha. Nilichofanya ni kidogo: yule anaekuja na daftari nimemfanya awe mimi kabisa, jina tu ndio sio langu, aibu zote ni zangu, mshahara, hoteli, makofi. Nikaona kama kuna mtu wa kuvuliwa nguo kwenye hiki kitabu aanze yeye.

Na kila sura, mkisoma mtaona, kuna bei ya samaki. Wakavu. Inapanda na kushuka. Mhariri wangu alitaka kuitoa akasema inarudiwa rudiwa haina kazi, nikamwambia kata chochote, kata hata tembo, na tembo wenyewe kweli akakata, lakini bei iache.

Nimeongea sana, na naona yule kaka pale nyuma mkono uko juu toka kwenye habari za mzungu, nakuja kwako. Vitabu viko mlangoni kwa huyo binti mwenye kitenge cha bluu, elfu kumi na tano. Asie nayo leo aandikishe jina, binti ana daftari, atalipa mwisho wa mwezi.